Che Guevara katika milima ya Fizi: mwalimu wa makuruta aliyekosa lugha ya wanafunzi wake

KASHA, BUKAVU – Mtu anayetoka kata ya Kasha, katika komine ya Bagira, hupita mjini Bukavu, hufuata bonde la Ruzizi mpaka Uvira, kisha huambaa Ziwa Tanganyika hadi Baraka na Fizi. Kusini zaidi, kando ya ziwa hilo hilo, kuna kijiji cha Kibamba. Hapo ndipo alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1965 alishuka kwenye mtumbwi wa injini mtu aliyejiita Tatu. Wenyeji waliambiwa kwamba ni daktari na mkalimani wa Kifaransa. Jina lake halisi lilikuwa Ernesto Guevara, anayejulikana duniani kote kwa jina la Che.

Sura yake iko kwenye fulana na kwenye kuta za miji mingi, lakini kazi iliyomleta Kivu Kusini haijulikani sana hata kwa wakaaji wa jimbo lenyewe. Hakuja kuhutubia mikutano wala kuongoza serikali. Alikuja kufundisha askari wapya: kuwaonyesha namna ya kushika bunduki, kulenga, kuchimba handaki, kuvizia adui na kurudi nyuma bila kutawanyika. Alikaa miezi saba. Alipoondoka, aliandika mwenyewe kwamba kazi ile ilishindikana, na akajihesabu kati ya waliosababisha kushindwa huko.

Kabla ya kuwa mwalimu

Guevara alizaliwa mwaka 1928 mjini Rosario, Argentina. Tangu utotoni aliugua pumu, ugonjwa uliomfuata mpaka kifo chake. Alisomea udaktari Buenos Aires na kumaliza mwaka 1953, kisha akazunguka Amerika ya Kusini na ya Kati. Mwaka 1955, akiwa Meksiko, alikutana na Fidel Castro, Mkuba aliyekuwa akitayarisha kundi la kwenda kumwangusha Fulgencio Batista.

Kabla ya kufundisha wengine, Guevara mwenyewe alikuwa kuruta. Mwalimu wake alikuwa Alberto Bayo, afisa aliyepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Hispania. Katika shamba moja la Chalco, nje ya jiji la Mexico, Bayo aliwatembeza wanafunzi wake milimani usiku na mchana, akawafundisha kulenga shabaha na kuvumilia njaa. Yule daktari mwenye pumu ndiye aliyepata alama za juu kuliko wote.

Tarehe 2 Desemba 1956 watu 82 walishuka pwani ya Kuba kutoka mashua ya Granma. Siku tatu baadaye jeshi la Batista liliwashambulia na kuwatawanya. Guevara alijeruhiwa shingoni. Alisimulia baadaye kwamba wakati wa kukimbia alikuta miguuni pake sanduku la dawa na sanduku la risasi, hakuweza kubeba yote mawili, akachukua la risasi.

Mwaka 1958, milimani Sierra Maestra, alisimamia shule ya makuruta mahali panapoitwa Minas del Frío. Vijana wa mashambani walifika pale bila silaha, wengi hawajui kusoma. Walijifunza kuandika na kupigana pamoja, huku ndege zikitupa mabomu juu yao na chakula kikiwa kidogo. Waliovumilia waliingia vikosini, walioshindwa walirudi makwao. Kutokana na shule hiyo Guevara alipata imani aliyokuja nayo Kongo: kwamba askari hatengenezwi kwenye uwanja wa gwaride, bali huundwa na njaa, matembezi na vita vyenyewe, akiwa na mwalimu anayekula na kulala naye.

Batista alikimbia tarehe 1 Januari 1959. Guevara akawa mkuu wa Benki ya Taifa ya Kuba, kisha waziri wa viwanda. Lakini alitaka kurudi msituni.

Ubishi wa Dar es Salaam

Wakati huo Kongo ilikuwa inawaka moto. Patrice Lumumba alikuwa ameuawa Januari 1961. Mwaka 1964 wapiganaji wa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki, ikiwemo Stanleyville, Kisangani ya leo. Mwezi wa Agosti mwaka huo walijaribu kuuteka mji wa Bukavu, wakazuiwa na jeshi la taifa chini ya Kanali Léonard Mulamba. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji, wakibebwa na ndege za Marekani, walishuka Stanleyville. Mwanzoni mwa 1965 ngome kubwa iliyobaki mikononi mwa Simba upande huu ilikuwa milima ya Fizi na pwani ya Ziwa Tanganyika.

Mwezi wa Februari 1965 Guevara alifika Dar es Salaam, mji uliokuwa makao ya vyama vingi vya ukombozi. Alikutana na Laurent-Désiré Kabila, kijana aliyekuwa mmoja wa viongozi wa uasi wa mashariki, akampa ahadi ya wakufunzi wapatao 30. Kabila alikubali.

Katika mkutano mwingine na wawakilishi wa vyama vya nchi mbalimbali, mazungumzo hayakuwa rahisi. Karibu wote waliomba mambo mawili: fedha, na nafasi za kupeleka vijana wao Kuba kupata mafunzo. Guevara alikataa la pili. Alieleza kwamba kumpeleka kijana ng'ambo ni gharama kubwa, na kwamba anayetoka chuoni huko anarudi akiwa na cheti na majivuno, lakini bado hajawa askari. Akapendekeza mafunzo yafanyike ndani ya Kongo, vitani, na vijana wa nchi nyingine waje kujifunza huko huko. Wajumbe hawakufurahi. Walijibu kwamba itakuwa vigumu kuwaeleza wazazi kwa nini watoto wao wamekufa kwa ajili ya nchi ya watu wengine. Waliagana naye kwa ubaridi.

Moja, Mbili, Tatu

Guevara aliondoka Kuba kwa siri mwanzoni mwa Aprili, amenyoa ndevu, amevaa miwani, akiwa na pasipoti yenye jina jingine. Alifuatana na Víctor Dreke na José María Martínez Tamayo. Walipofika Dar es Salaam walifungua kamusi ya Kiswahili na kujipa majina ya hesabu. Dreke akawa Moja, Martínez Tamayo akawa Mbili, Guevara akawa Tatu. Waliowafuata waliendelea na hesabu. Daktari wa kikosi aliitwa Kumi.

Mpangilio huo ulikuwa na sababu. Dreke alikuwa Mkuba mweusi, kama walivyokuwa wengi katika kikosi kile, na ndiye aliyetajwa kuwa kamanda. Guevara, mmoja wa wazungu wachache sana katika kundi la kwanza, alijificha katika namba tatu ili kuwepo kwake kusijulikane mapema.

Walisafiri kwa gari hadi Kigoma, wakavuka ziwa usiku. Walikuwa watu 14, Guevara akiwemo. Miezi iliyofuata Wakuba walizidi mia moja. Siku chache baada ya kufika, Guevara alimfunulia siri yake Antoine Godefroid Tchamlesso, mwakilishi wa uasi aliyesafiri nao. Mtu huyo alishtuka mno, akaomba habari ile isitoke nje, kwa sababu ikijulikana ingezua mgogoro wa kimataifa.

Mpango wa majuma matano

Mapema kabisa Guevara alitoa mpango wa mafunzo. Alitaka kuchukua wapiganaji mia moja kwa zamu, wagawanywe makundi ya watu ishirini. Kwa muda wa majuma matano au sita wangefundishwa kazi ya askari wa miguu, matumizi ya silaha, kuchimba mahandaki, mawasiliano na upelelezi. Kisha wangetoka chini ya uongozi wa Mbili kwenda kupigana, na wakati huo mia nyingine ingeingia mafunzoni. Wakirudi, wangechujwa. Hesabu yake ilikuwa kali: katika watu mia, alitegemea kubaki na askari ishirini, na kati ya hao wawili au watatu wangeweza kuwa viongozi.

Jibu lilikuwa kusubiri. Viongozi wa juu hawakuwepo Kibamba. Walikuwa Kigoma, Dar es Salaam, Cairo na miji mingine, na wao kwa wao walikuwa wakigombania vyeo. Kila mara ulifika ujumbe kwamba Kabila anakuja kesho, au keshokutwa. Wakuba walipewa ruhusa ya kupanda mlima na kujenga kambi waliyoiita Luluabourg, mwendo wa saa kadhaa kutoka ziwani. Ili wasikae bure, Guevara aliwawekea vijana wake masomo ya kila siku ya Kifaransa, Kiswahili na elimu ya jumla. Yeye mwenyewe alishikwa na homa kali, akapungua sana.

Kwa kuwa jina lake lilikuwa la daktari, alifanya kazi ya udaktari. Katika zahanati ya Kibamba aliwahudumia wapiganaji na wakulima. Aliona malaria, magonjwa ya zinaa, na watu waliolewa pombe kali ya kienyeji mpaka kuugua. Majeruhi wa risasi walikuwa wachache, na wengine kati yao hawakupigwa na adui: walijeruhiwa na wenzao waliokuwa wakichezea bunduki.

Kiongozi mmoja alimpa matumaini. Léonard Mitoudidi alifika mwezi wa Mei, akakaa, akaanza kuweka nidhamu: alizuia ulevi na kupunguza ugawaji ovyo wa silaha. Tarehe 7 Juni alianguka ziwani kutoka mtumbwini, akazama. Guevara aliona kwamba siku hiyo walipoteza mtu aliyeanza kupanga mambo.

Bendera

Mwishoni mwa Juni likaja agizo la Kabila: shambulieni Bendera, penye mtambo wa umeme wa maji, upande wa kaskazini mwa Albertville, Kalemie ya leo. Guevara aliona shabaha hiyo ni kubwa mno kwa askari ambao hawajafundishwa. Alipendekeza waanze na kambi ndogo ya Katenga, ambapo kushindwa kusingeumiza sana na kushinda kungewapa moyo. Agizo halikubadilishwa. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kwenda.

Tarehe 29 Juni 1965 Dreke aliongoza shambulio lile. Wapiganaji wengi walikuwa wakimbizi wa Rwanda waliokuwa chini ya kamanda wao Mundandi, pamoja na Wakuba wapatao arobaini. Milio ilipoanza, wengi walifyatua risasi zote kwa mkupuo mmoja, kisha wakakimbia na kuacha silaha. Wakuba wanne walikufa, na Wanyarwanda zaidi ya kumi. Maiti za Wakuba zilibaki mikononi mwa adui pamoja na daftari la mmoja wao. Kutoka siku hiyo serikali ya Léopoldville na washauri wake wa Marekani walijua kwamba Wakuba wapo Kongo.

Baada ya Bendera kila upande ulimlaumu mwenzake. Wakongomani waliwalaumu Wanyarwanda, Wanyarwanda wakawalaumu Wakongomani, na baadhi ya Wakuba waliomba kurudi nyumbani. Waganga pia walilaumiwa. Kabla ya vita wapiganaji walipakwa dawa ambayo ingegeuza risasi kuwa maji, kwa masharti: usiguse mwanamke, usichukue kitu cha mtu, usiogope. Aliyekufa alihesabiwa kuwa amevunja sharti. Hivyo dawa haikushindwa kamwe, na kila maiti ilikuwa na hatia yake. Guevara alielewa hatari ya hesabu hiyo kwa mwalimu wa askari: mtu anayeamini kwamba kinga yake iko mwilini haoni sababu ya kujificha nyuma ya jiwe.

Bunduki, mashimo na mizigo

Mambo aliyoyaandika juu ya mafunzo yenyewe ni madogo madogo, na ndiyo yanayoeleza zaidi. Kuruta alishika bunduki ya rashasha, akafumba macho, akabana kifyatulio mpaka risasi zikaisha. Kazi ya kwanza ya mkufunzi ilikuwa kumfanya afungue macho. Kazi ya pili ilikuwa kumfundisha kupiga risasi moja moja, kwa sababu kila risasi ilivushwa ziwa na kupandishwa mlima.

Mahandaki yalileta shida nyingine. Wapiganaji wengi hawakutaka kuingia kwenye shimo lililochimbwa ardhini. Guevara alidhani ni imani inayohusu makaburi. Alifundisha kwamba shimo linaokoa maisha, nao waliona ndani yake kifo.

Shida kubwa zaidi ilikuwa mizigo. Chakula, risasi na madawa vilikaa ziwani, kambi ilikuwa mlimani, na hapakuwa na barabara. Wakuba walibeba. Wapiganaji wengi walikataa, wakajibu kwa Kiswahili cha kwao kwamba wao si malori. Baadaye, walipoona Wakuba wakibeba kila siku, wengine waliongeza kwamba wao si Wakuba pia. Wakulima ndio walioendelea kulisha jeshi, na wakati mwingine walinyang'anywa walichokuwa nacho.

Siku moja Guevara alishindwa kuzuia hasira. Aliwakusanya wapiganaji akawahutubia kwa Kifaransa, mkalimani akageuza kwa Kiswahili. Aliwaambia kwamba wanafanana na wanawake, kwamba atawavika sketi na kuwabebesha vikapu vya muhogo, na kwamba ni afadhali kuunda jeshi la wanawake. Mkalimani alipomaliza, wapiganaji waliangua kicheko. Mwalimu alibaki ameduwaa. Katika jimbo ambalo mizigo mizito hadi leo hubebwa migongoni mwa wanawake, tusi lile halikufika lilikokusudiwa. Aliyelitunga hakujua maisha ya aliowatukana, na aliyelitafsiri hakuweza kutafsiri hasira.

Hata hivyo, Guevara hakuandika kwamba watu wa Fizi ni waoga kwa asili. Aliona kwamba hawakulipwa, hawakulishwa vizuri, wengi walitembea bila viatu, na hawakumwona kiongozi wao mstari wa mbele. Mwezi wa Julai Kabila alifika hatimaye. Alizungumza na watu kwa lugha yao, akachangamsha kambi, kazi ya kuchimba mahandaki ikaanza. Baada ya siku tano akaondoka tena. Nidhamu ikaporomoka ndani ya siku chache.

Mwalimu wa mwalimu

Katika kipindi hicho Guevara alipewa kijana wa Kikongomani wa kumfundisha Kiswahili. Aliitwa Freddy Ilanga na alikuwa na umri wa miaka 16. Kila siku alikaa na mtu ambaye mwanzoni hakujua ni nani, akamfundisha maneno ya salamu, ya chakula na ya amri. Kati ya wote waliokuwa pale, ni yeye aliyemfundisha mwalimu.

Masomo hayakutosha. Guevara alizungumza Kifaransa na makamanda, nao walikuwa wachache. Kuruta wa kawaida alizungumza Kiswahili au lugha ya kwao. Kila amri, kila onyo na kila sifa ilipita kwa mtu wa katikati. Alipoandika makosa yake baadaye, hili alilitaja waziwazi: alijifunza Kiswahili haraka haraka na vibaya, hakujilazimisha vya kutosha, na Kifaransa chake kilimkaribisha kwa wakubwa huku kikimtenga na askari.

Mwezi wa Agosti aliacha kusubiri ruhusa, akapanda kwenda mstari wa mbele. Alianza kuchanganya Wakuba na Wakongomani katika vikosi vidogo, wavizie magari kwenye barabara ya Albertville. Mara nyingine mafanikio yalikuwepo, mara nyingi kikosi kilivunjika kwenye risasi za kwanza. Alitembelea pia upande wa Fizi na Baraka, ambako jenerali mmoja wa uasi, Moulana, alimwandalia gwaride. Jenerali alivaa kofia ya pikipiki iliyofungwa ngozi ya chui, na askari walizungushwa juani mbele ya mgeni. Guevara alikaa hadi mwisho kwa heshima, lakini hakuona jeshi.

Jambo lililomshangaza zaidi lilikuwa lugha ya siasa yenyewe. Kuba aliwaambia wakulima kwamba watapewa ardhi. Katika milima ya Fizi mkulima alikuwa tayari na shamba, hapakuwa na bwana wa kumnyang'anya. Guevara alijiuliza ni kitu gani hasa alichoweza kumwahidi kijana wa pale ili akubali kufa. Hakupata jibu.

Miezi sita kamili

Mwisho wa Septemba mamluki wa kizungu wa Mike Hoare, pamoja na askari wa serikali, walishuka Baraka. Fizi ikafuata. Ndege zilizoendeshwa na Wakuba wapinzani wa Castro ziliruka juu ya milima, na boti za doria zilizunguka ziwani.

Mwezi huo wa Oktoba, Castro alisoma hadharani Havana barua ambayo Guevara alimwachia ya kuaga. Kwa dunia ilikuwa barua ya kishujaa. Kwa Guevara ilileta pengo: alihisi kwamba tangu siku hiyo vijana wake walimwona kama mgeni, mtu aliyekwisha kuikana nchi yao wakati wao walitamani kurudi nyumbani.

Bado aliandika mpango mwingine, safari hii wa chuo cha kijeshi kitakachokusanya wanafunzi kutoka pande mbalimbali za uasi. Hakikufunguliwa. Tarehe 24 Oktoba 1965, siku walipotimiza miezi sita tangu kufika Kongo, jeshi la serikali lilivamia kambi yake. Vibanda vilichomwa, ghala la risasi likateketea, wapiganaji wakatawanyika. Mkuba mmoja aliyeitwa Bahaza alijeruhiwa vibaya, akabebwa juu ya mlima kwenye mvua, akafa siku mbili baadaye. Alikuwa Mkuba wa sita kufa, na wa kwanza ambaye wenzake waliweza kumzika. Guevara alijilaumu: ulinzi wa kambi haukupangwa vizuri, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kambi.

Siasa nayo iligeuka. Rais Kasavubu alikuwa amemfukuza Moïse Tshombe tarehe 13 Oktoba, akaahidi mbele ya marais wa Afrika mjini Accra kwamba mamluki watarudi kwao. Mwanzoni mwa Novemba Tanzania iliiomba Kuba isitishe msaada wake.

Waliobaki ufukweni

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba Wakuba walikusanyika ziwani. Boti zilikuwa chache. Wapiganaji wa Kikongomani nao walitaka kuvuka, pamoja na wanawake na watoto. Hapakuwa na nafasi kwa wote. Wachache walichukuliwa, wengine waliachwa. Guevara alifikiria kubaki na watu wachache, akaghairi. Baadaye aliandika kwamba saa zile za mwisho zilikuwa za upweke na aibu, kwa sababu watu waliokuwa wanaondoka walikuwa wale waliokuja kuwafundisha waliobaki wasikimbie.

Siku nne baadaye, tarehe 25 Novemba 1965, Joseph-Désiré Mobutu alichukua madaraka. Alikaa zaidi ya miaka 31.

Guevara alijificha katika ubalozi wa Kuba mjini Dar es Salaam, akaandika kitabu kutokana na daftari zake. Alianza kwa kukiri kwamba ni habari ya kushindwa. Mwisho aliorodhesha makosa yake mwenyewe: lugha, hasira, kujitenga na vitabu vyake, kutodai haki ya kuongoza alipopaswa kudai, na kushindwa kuwafanya watu wake waishi na Wakongomani kama wenzao. Aliwalaumu viongozi wa uasi pia, hasa kwa kukaa mbali na askari wao.

Hakuishi kuona kitabu kikichapishwa. Alikwenda Bolivia Novemba 1966, akakamatwa tarehe 8 Oktoba 1967 na kuuawa kesho yake katika kijiji cha La Higuera, akiwa na miaka 39. Mifupa yake ilipatikana mwaka 1997, ikazikwa upya Santa Clara, Kuba. Kitabu chake juu ya Kongo kilitoka kwa ukamilifu mwaka 1999.

Mwaka huo huo wa mifupa, tarehe 17 Mei 1997, Laurent-Désiré Kabila alikamata Kinshasa. Jeshi lake lilikuwa na maelfu ya watoto waliofundishwa haraka kwenye kambi za mashariki, walioitwa kadogo. Januari 2001 aliuawa ofisini kwake na mmoja wa walinzi wake vijana.

Freddy Ilanga, kijana aliyemfundisha Tatu Kiswahili, alikwenda Kuba baada ya vita. Alisoma huko, akawa daktari wa upasuaji wa ubongo wa watoto. Alikaa miaka arobaini mbali na Kongo, akafia Kuba Novemba 2005. Shule ya kijeshi iliyopangwa katika milima ya Fizi haikutoa hata mhitimu mmoja. Mtu wa pale aliyefika mbali katika masomo alikuwa yule aliyeitwa kufundisha.